Kusoma mlima ndani ya jani: namna ya kupima kaboni ya miti kutoka ufukwe wa Mikindani hadi misindano ya Rondo

Tulikuwa tumesimama Shimo la Mungu, pale Newala, tukitazama bonde la Ruvuma linavyopotelea upande wa Msumbiji. Mwanafunzi wangu wa kidato cha sita akaniuliza: "Mwalimu, mti ulioota huku juu unajua kwamba uko juu?"

Unajua, kwa namna yake, na ushahidi umo ndani ya jani. Kila jani hujengwa kwa kaboni iliyotoka hewani, na kaboni hiyo hubeba alama ya hali ambayo mti uliishi siku jani lilipokuwa likijengwa. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika milima ya Rocky, Marekani. Watafiti walichuma majani ya aina nne za miti ya jamii ya misindano (wengine huiita misonobari, wengine paini) kwenye tofauti ya mwinuko wa mita 1800. Kila walivyopanda walikuta kaboni nzito, nitakayoieleza hapa chini, inaongezeka, ila si kwa kasi moja. Mti wa aina moja uliongeza 0.91 kwa elfu kwa kila kilomita ya kupanda, na mwingine 2.68. Mlima ni uleule, lakini kasi moja ni karibu mara tatu ya nyingine. Nakuomba uzishike namba hizo mbili, tutazirudia mara kwa mara.

Sisi wa Mtwara na Lindi hatuna mlima wa theluji. Tuna bahari, tuna uwanda wa Makonde unaopanda polepole kutoka pwani hadi kupita mita 700 upande wa Newala, na tuna uwanda wa juu wa Rondo, mkoani Lindi, ambao vilele vyake vinakaribia mita 900. Hapo panatosha kabisa kujifunzia kazi hii. Mwongozo huu nimewaandikia walimu wa biolojia, wanafunzi wa chuo na yeyote anayetaka kuifanya sawasawa kabla hajapanda Kilimanjaro au Usambara kuifuata mipodo na mitarakwa, ndugu wa asili wa misindano.

Kwanza ujue unachokitafuta

Kaboni ya hewani ina isotopu, yaani aina za atomu zinazotofautiana uzito, mbili zisizooza: kaboni 12, ambayo ni karibu asilimia 98.9, na kaboni 13, karibu asilimia 1.1. Kaboni 14, ile ya kupimia umri wa mifupa ya kale, ni habari nyingine, usiichanganye hapa. Kaboni 13 ni nzito kidogo. Hewa ukaa iliyobeba kaboni 13 hupenya polepole kwenye stomata, yaani vile vitundu vya jani, na kimeng'enya cha rubisko kinachoikamata ndani hupendelea zaidi ile nyepesi.

Wanafunzi wangu huelewa upesi nikiwapeleka kwenye mnada wa korosho. Magunia yakiwa tele ghalani, mnunuzi huchagua: daraja la kwanza analichukua, daraja la pili analiacha. Magunia yakiwa machache na wanunuzi wengi, anabeba yote. Rubisko hufanya vivyo hivyo. Hewa ukaa ikiwa tele ndani ya jani, kimeng'enya huchagua kaboni nyepesi, na jani hutoka na kaboni 13 kidogo. Hewa ukaa ikiadimika, ama kwa sababu stomata zimebana, ama kwa sababu kimeng'enya ni kingi na kina njaa, basi hata ile nzito inapokelewa. Kwa hiyo tunachokisoma kwenye jani ni mizani kati ya hewa inayoingia na hewa inayotakiwa. Mwinuko wenyewe hauandikwi popote.

Kipimo chake huandikwa kwa alama ya delta na husomwa "kwa elfu". Kipimo cha kulinganishia ni gamba la belemnaiti, mnyama wa bahari ya kale aliyekuwa jamaa wa ngisi, kutoka miamba ya Peedee huko South Carolina, Marekani. Mvuvi wa Mikindani anayemjua ngisi na ule mfupa wake laini wa ndani hapati shida kumpiga picha mnyama huyo. Na sisi ambao Tendaguru yetu ya Lindi ilitoa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913 hatuna sababu ya kushangaa kwamba kiumbe aliyekufa zamani za kale anaweza kuwa rula ya dunia nzima leo. Gamba lile la mwanzo liliisha kwa kusagwa na kupimwa, na sasa maabara hutumia vipimo vilivyofungamanishwa nalo.

Kwa rula hiyo, hewa ya leo iko karibu −8.5. Majani ya miti mingi, na mazao kama mkorosho, mhogo na mpunga, huangukia kati ya −22 na −34. Mahindi, mtama na muwa, ambavyo hukamata hewa ukaa kwa njia tofauti, viko kati ya −10 na −15. Namba ikipungua uhasi, tuseme kutoka −28 kwenda −26, maana yake jani lina kaboni nzito zaidi. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa hiyo liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Sasa mlima unaingiaje? Unaingia kama mfuko wenye vitu vingi ndani yake. Ukipanda, kanieneo ya hewa hushuka: usawa wa bahari ni kilopaskali 101.3, kwenye mita 800 ni karibu 92, na kwenye mita 3000 ni karibu 70, kwa hiyo hata hewa ukaa hupungua kwa kila pumzi ya jani. Joto hushuka nyuzi 5 hadi 6 hivi kwa kila mita 1000. Mara nyingi majani huwa manene zaidi na huwa na kimeng'enya kingi kwa kila sentimita ya mraba, na njia ya hewa kutoka kwenye stomata hadi ndani inakuwa ndefu. Katika milima ya Rocky, stomata zenyewe zilipungua kadiri ya kupanda. Hayo yote husukuma namba upande mmoja, kuelekea kaboni nzito.

Lakini maji yana njia yake. Mlima ambao chini ni jangwa na juu kuna mvua unaweza kugeuza mwelekeo wote, kwa sababu miti ya chini hubana stomata kwa kiu, ikawa na kaboni nzito kuliko ya juu. Ukisema "mwinuko umesababisha" bila kuufungua mfuko huo, hujasema kitu. Kazi yote inayofuata ni ya kuufungua.

Hatua ya kwanza: chagua mti mmoja na ushikamane nao

Usilinganishe mkorosho wa Mikindani na msindano wa Rondo. Tofauti utakayoiona itakuwa ya miti, si ya mwinuko. Kumbuka 0.91 na 2.68: hata miti iliyo ndugu kwenye mlima mmoja haikukubaliana.

Kwa mazoezi ya kutoka bahari hadi uwandani, chukua mkorosho. Upo kila mahali kwenye barabara ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba hadi Newala, hubaki na majani mwaka mzima, na wenye mashamba wanajua umri wa kila mti. Kwa jamii ya misindano yenyewe, nenda shamba la miti la Rondo. Muulize msimamizi aina halisi iliyopandwa kwenye kila kitalu na mwaka iliopandwa, kwa sababu Pinus caribaea na Pinus patula si mti mmoja hata kama kwa mbali inafanana.

Na mvinje? Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniletea "sindano" za mivinje ya ufukweni akiamini amepata msindano wa pwani. Mvinje si jamii hiyo, ni mti unaotoa maua. Kile kinachoonekana kama sindano ni kijiti cha kijani, na majani yake halisi ni magamba madogo yaliyozunguka kwenye kila pingili. Kivute uone kinavyokatika pingili kwa pingili. Mvinje ni mti mzuri wa kuusoma kwa swali jingine, la chumvi na upepo wa bahari, lakini usiuweke kwenye jedwali moja na misindano.

Hatua ya pili: ruhusa

Shambani mwa mtu, anza kwa mwenyewe na kwa ofisi ya kijiji. Kwenye shamba la miti au hifadhi ya Rondo, omba kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ukiwa unafanya utafiti rasmi, utahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Sampuli ikivuka mpaka kwenda maabara ya nje, utahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Anza kuyafuatilia hayo mapema, maana majani hayasubiri karatasi.

Hatua ya tatu: vituo, na miti mingapi

Hapa hesabu huja kabla ya panga. Kutoka Mikindani hadi Newala tuseme unapanda mita 750, yaani 0.75 ya kilomita. Kwa kasi za milima ya Rocky, tofauti ya chini kabisa ingekuwa 0.91 mara 0.75, yaani karibu 0.7 kwa elfu, na ya juu kabisa karibu 2. Mikorosho si miti ya Rocky, lakini tunapata kadirio la ukubwa wa kitu tunachokitafuta: ni kidogo.

Miti ya aina moja iliyosimama pamoja kwenye shamba moja huweza kupishana kwa 1 kwa elfu bila sababu ya mwinuko wowote. Tukichukulia upishanaji huo kuwa 1, ukipima miti 3 kwa kituo wastani wako una kosa la karibu 0.6, na ukipima miti 10 kosa linashuka hadi karibu 0.3. Kwa miti 3 huwezi kuona tofauti ya 0.7. Utaona bahati tu, nawe utaiandikia maelezo marefu. Kwa hiyo weka vituo 4 au 5 kwa mwinuko, kila kimoja miti 10. Fedha zikiwa haba, punguza majani kwa kila mti, usipunguze miti.

Kipimo cha mwinuko cha simu hupotoka kwa mita nyingi. Simama dakika kadhaa uwanjani pasipo miti, soma mara tatu, kisha linganisha na ramani yenye mistari ya mwinuko.

Kituo chako kimoja kisiwe bondeni na kingine juu ya kichuguu. Hili nalisisitiza kwa sababu ya uwanda wa Makonde. Watu wa huko wanajua kwa miguu yao kwamba mvua huzama kwenye udongo na juu hapana mto: vizazi vya wanawake vilishuka gengeni kufuata maji na kuyapandisha kichwani. Mti wa uwandani nao una habari hiyohiyo. Ukiona kaboni nzito Newala, uwe na jibu la swali la kwanza atakaloliuliza yeyote mwenye akili: ni mwinuko, au ni kiu? Ndiyo maana kwenye kila kituo chimba udongo kwa kina kimoja, tuseme sentimita 50, upime uzito wake ukiwa mbichi na ukiwa mkavu, uandike.

Hatua ya nne: jani lipi

Kama kuna hatua moja ya kupoteza nayo siku nzima, ni hii. Makosa mengi niliyoyaona, pamoja na yangu, yalizaliwa hapa.

Umri kwanza. Kaboni ya jani huwekwa zaidi wakati jani linapokua. Jani lililochipua kwenye mvua na jani lililochipua kwenye ukame, kwenye tawi moja, hayasimulii hadithi moja. Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili au Mei, na mkorosho hutoa majani mapya mvua zinapokwisha, kabla ya maua. Chuma majani ya uchipuaji huohuo kwenye vituo vyote: yaliyokomaa, ya kijani kibichi na magumu, si yale mekundu laini ya ncha. Kwa msindano, shika tawi uanze kwenye ncha urudi nyuma. Sindano za nchani, zile za rangi ya chokaa mbichi, bado zinajengwa, ziache. Chukua zilizofuata, zilizokwisha kukaza. Zilizo nyuma zaidi, karibu na kikonyo kikuu, ni za zamani, ziache nazo. Kwa kuwa misindano ya nchi za joto huweza kuchipua zaidi ya mara moja kwa mwaka, njia ya uhakika ni kufunga uzi wa rangi kwenye ncha ya tawi mwanzoni mwa mvua na kurudi baadaye. Kila kilicho mbele ya uzi unajua kimezaliwa lini.

Kisha mwanga. Jani la kivulini lina kaboni nyepesi kuliko la juani kwenye mti uleule, na tofauti hiyo inaweza kuizidi ile ya mwinuko unaoitafuta. Ndani ya msitu mnene kuna jambo jingine: majani yanayooza chini hutoa hewa ukaa nyepesi, na miti midogo ya chini huivuta tena kabla haijatawanyika. Basi chuma nje ya taji, upande unaopigwa jua, kimo kimoja kwa miti yote. Kwa mkorosho mita 2 hadi 3 inatosha. Kwa msindano mrefu tumia ngoeko yenye kisu. Msindano wa pembeni mwa kitalu usiulinganishe na wa katikati.

Ufukweni ongeza tahadhari ya chumvi. Mti unaooga mnyunyizo wa mawimbi hubana stomata, nawe utaona kaboni nzito kwenye mwinuko wa mita 5. Kituo chako cha chini kiwe ndani kidogo, mbali na rasharasha za bahari.

Halafu dawa. Mashamba ya korosho hupigwa salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, na vumbi lake hukaa juu ya majani. Salfa yenyewe haina kaboni, lakini huchafua mashine ya maabara. Viuatilifu vya maji vingi vina kaboni yake, nayo itahesabiwa kama ya jani. Muulize mwenye shamba alipiga nini na lini. Suuza majani kwa maji safi, yaliyotoneshwa ukiyapata, haraka bila kuyaloweka. Usitumie sabuni.

Kumuuliza mwenye shamba si adabu tu. Nilipita kwa mama mmoja upande wa Tandahimba. Baada ya shikamoo na marahaba akanitazama ninavyohesabu majani, akasema: "Mwanangu, huu unaouchuma na ule wa pale kwenye mfereji si sawa. Ule haujui kiangazi." Nikaenda kuutazama. Ulikuwa umeota mahali ambapo maji ya barabara hukusanyika. Ulikuwa kwenye orodha yangu kama mti wa kawaida wa kituo. Niliutoa, na tangu siku hiyo kila fomu yangu ina mstari wa maneno ya mwenye mti: umri, kupogolewa, kupandwa karibu na nini, maji hutuama wapi.

Kwa kila mti chukua majani 10 ya mkorosho kutoka matawi tofauti, au vishada 20 vya sindano, uvichanganye kuwa sampuli moja.

Hatua ya tano: kukausha, siku ileile

Mara yangu ya kwanza Rondo nilichuma siku mbili, nikafunga kila kitu kwenye vifuko vya plastiki, nikavitia kwenye begi, begi likawekwa chini ya basi hadi Lindi na baadaye Mtwara. Siku ya tatu nilipofungua, majani yalikuwa yametota kwa jasho lake na mengine yameota ukungu. Jani lililochumwa bado linapumua. Linakula sukari yake, na kuvu wakiingia wanakula wanachokitaka. Kinachobaki si kile mti ulichokijenga. Nilivitupa vyote. Niliumia, kwa sababu msimu ule ulikuwa hauwezi kurudishwa.

Tumia bahasha za kaki. Andika kwa penseli, ndani na nje, kwa sababu wino huyeyuka. Andika kituo, mwinuko, namba ya mti, tarehe, jina la mchumaji. Ukiwa na tanuri la maabara, weka nyuzi 60 hadi 70 kwa saa 48. Usipokuwa nalo, kaushio la jua, lile la maembe na mboga, hufanya kazi nzuri ya awali, kisha malizia tanurini ukifika mjini. Usikaushe juu ya jiko la kuni au mkaa. Moshi ni kaboni, na masizi yake hayatoki.

Hatua ya sita: unene wa jani

Hatua hii haina gharama, na wengi huiruka. Ianze kabla ya kukausha, majani yakiwa bado mabichi. Katika utafiti ule wa Rocky, kitu pekee kilichohusiana na kaboni nzito kwa miti yote minne kwa pamoja kilikuwa uzito wa jani kwa eneo lake. Idadi ya stomata kwa kila gramu ya jani ilieleza vizuri, ila kila mti kivyake.

Kwa mkorosho, toboa jani bichi kwa punchi ya karatasi ukikwepa mshipa mkuu. Pima kipenyo cha kitobo, piga hesabu ya eneo, kausha viduara 20 pamoja, pima uzito, gawanya. Kwa msindano, sindano za kishada kimoja zikiunganishwa hufanya mche wa duara, kwa hiyo pima kipenyo cha kishada na urefu wake kwa kalipa, kausha, pima. Njia yoyote utakayochagua, isibadilike kituo kwa kituo.

Hatua ya saba: kusaga na kupeleka

Saga hadi unga uwe laini kama poda ya mtoto. Sindano zina utomvu unaonata, kwa hiyo safisha kinu kwa spiriti na ukikaushe kila baada ya sampuli. Utomvu na mafuta ya jani vina kaboni nyepesi kuliko selulosi, ile inayojenga kuta za seli. Amua mapema kama unapima jani zima au selulosi peke yake, na usilinganishe jani zima lako na selulosi ya mwingine.

Maabara itachukua miligramu 2 hivi, itazifunga kwenye kikombe kidogo cha bati, itazichoma kwenye nyuzi karibu 1000 hadi ziwe hewa ukaa, na mashine itahesabu molekuli za uzito wa 44 (zenye kaboni 12) na za 45 (zenye kaboni 13). Waombe mambo mawili kwa maandishi: matokeo ya sampuli zao za kulinganishia za siku hiyo, na marudio ya angalau sampuli moja kati ya kumi za kwako. Maabara nzuri hurudia kipimo kwa kupishana 0.1 hadi 0.2. Maabara moja iliwahi kunirudishia jedwali lenye namba tupu bila hayo, na sikuweza kujua kama tofauti niliyoiona ni ya miti au ya mashine. Na usitume unga wote. Bakiza nusu kwenye chupa kavu.

Hatua ya nane: soma namba

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kituo cha chini kina wastani wa −27 na cha juu −26, na hewa ni −8.5. Kwanza tafuta ubaguzi, yaani jani limeiacha hewa kwa kiasi gani:

Chini: (−8.5 + 27) ÷ (1 − 0.027) = 18.5 ÷ 0.973 = 19.0
Juu: (−8.5 + 26) ÷ (1 − 0.026) = 17.5 ÷ 0.974 = 18.0

Kisha tumia kanuni ya Farquhar, mwanasayansi wa Australia. Kupenya kwenye stomata hubagua 4.4, na rubisko, kwa hesabu iliyorahisishwa, 27. Toa 4.4, gawanya kwa 22.6 (yaani 27 − 4.4):

Chini: 14.6 ÷ 22.6 = 0.65
Juu: 13.6 ÷ 22.6 = 0.60

Maana yake, ndani ya jani la chini hewa ukaa ilikuwa wastani wa asilimia 65 ya ile ya nje, na ndani ya jani la juu asilimia 60. Hiyo ndiyo sentensi ya kuandika kwenye ripoti, kwa sababu inasema mti ulifanya nini. "Kaboni 13 imeongezeka kwa 1" ni namba ambayo haijafunguliwa.

Chora grafu ya kaboni dhidi ya mwinuko. Kando yake chora nyingine mbili: kaboni dhidi ya maji ya udongo, na kaboni dhidi ya unene wa jani. Ziangalie zote tatu kabla hujaandika neno. Vituo vikipanda pamoja na unene wa jani huku maji ya udongo yakiwa sawasawa, una haki ya kuzungumzia mwinuko. Kama kituo chenye kaboni nzito ndicho pia chenye udongo mkavu kuliko vyote, sema hivyo, na urudi na swali lililo safi zaidi: chagua mashamba mawili ya mwinuko mmoja, moja bondeni na jingine kwenye mchanga wa juu, uone maji peke yake yanabadilisha kiasi gani. Ukikijua kiasi hicho, utaweza kukitoa kwenye hesabu yako ya mwinuko.

Mstari ukitoka umelala au umeinama kinyume, usiufiche. Kwenye mwinuko wa mita 750, uwanda usio na mto juu yake na pwani yenye kiangazi kirefu, mstari uliolala ni matokeo halali kabisa, na mtu atakayepanda Kilimanjaro kuifuata mipodo hadi ukungu unakoanzia atayahitaji ili ajue ni kiasi gani cha anachokiona ni cha mlima na kiasi gani ni cha maji.

Mwanafunzi aliyeniuliza lile swali pale Shimo la Mungu ndiye aliyefunga nyuzi nyekundu kwenye mikorosho 10 ya kituo cha Newala. Mwezi wa nane tutarudi kuzitafuta.